Mnunuzi Ajuaye na Muuzaji Asiyejua

Yako maswali ya haki ambayo hayafiki barazani wala mahakamani, kwa kuwa aliyedhulumiwa hajui kwamba amedhulumiwa, na aliyedhulumu hana hakika kwamba amedhulumu. Mojawapo ni swali la mnunuzi ajuaye aliyesimama mbele ya muuzaji asiyejua. Mtu mwenye elimu ya kitu akikutana na mtu mwenye kitu lakini hana elimu yake, na bei ikatajwa ambayo ni sehemu ndogo sana ya thamani, je, yule ajuaye anawiwa deni lo lote na yule asiyejua? Wengi hujibu upesi kwamba hawiwi kitu. Soko ni soko, na mwenye macho haambiwi tazama. Wengine hujibu kwa upesi ule ule kwamba kunyamaza mahali hapo ni wizi. Kila jibu lina sehemu ya kweli ndani yake, na kila jibu limeacha sehemu nyingine nje. Swali hili lastahili kupimwa polepole, na litapimika vizuri zaidi kwa mfano mdogo kuliko kwa maneno makubwa.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake papo hapo. Mahali pa namna hii vitu vingi hupita na vingine husalia. Katika nyanda hizi za juu walikaa mameneja wa mashamba ya miwati na chai, maana Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa Njombe mwaka 1949. Wakakaa pia wamisionari, walimu wa kigeni na mafundi wa reli. Mtu aondokaye nchi ya mbali aghalabu hasafirishi kila alicho nacho. Vingine huvigawa kwa waliomtumikia, vingine huviuza, vingine huviacha tu. Tena katika miaka ya karibuni yamekuja makontena ya mtumba kutoka Ulaya, Ghuba na Japani. Kwa hiyo si ajabu kukuta katika miji hii, kati ya vyungu na viti vibovu, mashine ya santuri, redio ya mbao, amplifaya isiyo na waya, au spika ambazo zimesahau kazi yake.

Na uchukuliwe mfano, ambao si habari ya mtu fulani bali ni mfano tu, wa mama mjane aliyepanga vitu vya marehemu mumewe juu ya turubai karibu na stesheni. Kati ya vitu hivyo mna visanduku viwili vya mbao vilivyo sawa. Anapita mwalimu mmoja wa sekondari, mpenzi wa vyombo vya sauti vya zamani, anasimama.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu utazame."

"Na hivi visanduku vinauzwa?"

"Kila kitu kinauzwa. Marehemu alipewa na mzungu wake wa kazi. Havilii siku nyingi, mimi nawekea ndoo ya maji. Nipe elfu arobaini, uchukue vyote viwili."

Mwalimu anainua kimoja, anakigeuza, anafuta vumbi kwenye kibati cha nyuma, anasoma: LS3/5A. Chini yake mna namba ya kisanduku. Anakigeuza cha pili. Namba zake zinalingana na za kile cha kwanza. Moyo wake unadunda, lakini uso wake unatulia. Swali lote la insha hii limo katika utulivu wa uso huo.

Maandishi yale si jina la kampuni. Ni jina la spika iliyobuniwa na wahandisi wa Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje ya studio, ambamo nafasi ni finyu na fundi hana budi kusikia sauti ya binadamu jinsi ilivyo. Shirika halikuingia katika biashara ya kuziuza. Lilitoa leseni, na makampuni kadhaa, kama vile Rogers, Chartwell, Spendor na Harbeth, yakaziunda kwa vipimo vilivyowekwa. Kila kisanduku kina kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa sentimita 19, na mtoto wa shule aweza kukibeba. Mbele hakina pambo. Asiyejua huona mbao na kitambaa cheusi. Lakini wakusanyaji wa London, Tokyo na Hong Kong huzitafuta spika hizi kwa bidii, na jozi nzima yenye namba zinazolingana mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya pauni 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 za Tanzania. Bei aliyoitaja mama haifiki hata sehemu moja katika sabini ya fedha hizo. Kati ya watu hao wawili waliosimama kwenye turubai moja, ni mmoja tu anayeiona tofauti hiyo.

Ni haki kwanza kumpa mnunuzi heshima yake, maana elimu yake si uchawi wala si bahati. Spika ni rahisi kuieleza na ngumu kuijua. Nyuma yake mna sumaku. Katika mwanya mwembamba wa sumaku hiyo imening'inizwa koili ya waya. Koili imegandishwa kwenye koni ya karatasi au ya plastiki. Umeme upitapo, koili husukumwa mbele na nyuma, koni nayo husukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti. Mwenye kuzinunua za zamani hana budi kujua jinsi kila sehemu inavyozeeka. Hufunua kitambaa akautazama ukingo wa koni: ukiwa wa sponji, aghalabu huoza baada ya miaka kumi na mitano au ishirini na kumomonyoka mkononi, ukiwa wa mpira, hudumu zaidi. Huibonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa, akisikiliza kama koili inakwaruza. Huigusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye vituo vya waya kwa nukta moja. Koni ikiruka kidogo na kulia, koili ni nzima. Hupima kwa mita: spika iliyoandikwa omu 8 husomeka kama omu 6 hivi, na isiposomeka kabisa, waya umekatika mahali. Hujua kwamba kapasita zilizomo ndani hukauka kwa miaka, na kwamba kisanduku kinachong'aa chaweza kuwa kimebadilishwa matumbo yake na fundi asiye na vipuri.

Hata sumaku ina historia yake. Spika nyingi nzuri za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Mwaka 1978 vita vya jimbo la Shaba vilipofika Kolwezi, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, kazi ya migodi ilivurugika katika nchi iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Bei ya kobalti ikapanda mno, na waundaji wengi wa spika wakaiacha alniko, wakahamia feriti, ambayo asili yake ni oksidi ya chuma. Tangu hapo sumaku ya alniko imekuwa kama alama ya zama, na wako wakusanyaji wasiotaka nyingine. Ajuaye habari hii aweza kuitambua spika isiyo na kibati wala jina kwa umbo la sumaku yake tu. Asiyejua huona uzito, na pengine huiuza kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Basi mtu aliyejifunza haya kwa miaka, aliyenunua vitabu na vipimo, aliyewahi kudanganyika mara kadhaa na kubeba nyumbani mizigo isiyolia, je, anyimwe tunda la elimu yake? Hapa ndipo watetezi wa mnunuzi husimama, na sheria yaelekea kusimama pamoja nao. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, yasema kwamba kunyamaza tu juu ya jambo linaloweza kumfanya mtu akubali au akatae mapatano si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mwenye kunyamaza alikuwa na wajibu wa kusema, au kunyamaza kwenyewe ni sawa na kusema. Huko Marekani kesi mashuhuri ya jambo hili iliamuliwa mwaka 1817. Mfanyabiashara mmoja wa New Orleans alipata habari alfajiri kwamba vita na Uingereza vimekwisha, akaenda kununua tumbaku kabla habari hazijaenea. Aliulizwa kama kuna habari yo yote ya kupandisha bei, akanyamaza, akanunua. Jaji Mkuu Marshall alisema kwamba mnunuzi halazimiki kumpasha muuzaji habari alizo nazo. Lakini akaongeza kwamba kila mmoja yampasa kujihadhari asiseme wala asitende jambo la kumlaghai mwenziwe. Watu wengi huikumbuka sehemu ya kwanza ya maneno hayo na kuisahau ya pili.

Sheria, walakini, hupima kile kinachoweza kulazimishwa. Dhamiri hupima kile kinachostahili, na walimu wa dhamiri, wa dini na nchi mbalimbali, wamesema tofauti. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, amesimulia habari za Scaevola aliyetaka kununua shamba. Scaevola alimwomba mwenye shamba ataje bei ya mwisho, akaitaja. Scaevola akasema kwamba yeye aliliona shamba lina thamani zaidi, akaongeza sesterti 100,000. Agostino naye alisimulia juu ya mtu aliyeletewa kitabu auziwe. Alipoona kwamba muuzaji haijui thamani ya kitabu na ametaka fedha kidogo, alimlipa bei ya haki, iliyokuwa kubwa zaidi, na muuzaji hakuitazamia. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliweka kanuni: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, ununuzi huo si wa haki na mnunuzi amelazimika kurudisha. Na katika mapokeo ya Kiislamu husimuliwa habari ya Jarir bin Abdallah, sahaba wa Mtume, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Jarir alimwendea mwenye farasi akamwambia kwamba farasi wake ni bora kuliko bei ile, akaipandisha yeye mwenyewe hatua kwa hatua mpaka ikafika 800, akieleza kwamba aliahidi kumnasihi kila Mwislamu.

Mtu aweza kusema kwamba hizo ni hadithi za watu wema kupita kiasi, za kusifiwa wala si za kufuatwa. Cicero mwenyewe alilijua neno hilo. Asema kwamba hakuna aliyekana kuwa tendo la Scaevola lilikuwa la mtu mwema. Walichokana ni kwamba lilikuwa la mtu mwenye busara. Naye akaona kwamba hapo ndipo penye shina la uharibifu, yaani katika kudhani kwamba wema ni kitu kimoja na busara ni kitu kingine. Maneno hayo yana miaka zaidi ya elfu mbili, na bado yasikika kila jioni mbele ya vibanda vya mtumba, mtu anapowaonyesha rafiki zake alichokipata na kuwaambia alikitoa kwa kiasi gani. Rafiki hucheka kwa furaha, humwita mjanja. Hakuna hata mmoja awezaye kumwita mwizi; lakini hakuna hata mmoja angependa muuzaji awe amesimama pale akisikiliza.

Hata hivyo haifai kumvika mnunuzi kosa lisilo lake. Si kila tofauti ya bei ni dhuluma. Kwanza, thamani ya London haiko Makambako. Ili spika zile zifikie bei ya London, lazima zitengenezwe, zipimwe, zifungwe vizuri, zisafirishwe, zilipiwe ushuru, zitafutiwe mtu anayezitaka. Na njiani zaweza kuvunjika. Pili, mnunuzi amebeba hatari: huenda koili imeungua, na kibati kizuri kikawa juu ya kisanduku kitupu. Tatu, kama si ajuaye kupita pale, vile visanduku vingeendelea kubeba ndoo mpaka mbao ziumuke kwa maji na kufumuka, kisha vikawa kuni katika baridi ya Juni. Elimu ya mnunuzi haikuiumba spika, lakini yaelekea kuiokoa, na mwokozi ana ujira wake. Nne, wauzaji hawako sawa. Mfanyabiashara aliyefungua kontena la mtumba amejiingiza mwenyewe katika mchezo wa faida na hasara. Leo anauza kwa hasara asichokijua, kesho atauza kwa faida asichokijua mnunuzi. Ana simu mkononi, naye aweza kuuliza. Huyo akipatana na ajuaye, wawili hao ni wachezaji wa uwanja mmoja.

Mjane hayumo katika uwanja huo. Hakuingia katika biashara. Msiba umemleta sokoni. Simu anayo pengine, na bei za London zimo ndani ya simu hiyo, lakini mtu hutafuta jibu la swali alilo nalo, na asiyejua kwamba kisanduku chake ni kitu hana swali la kuuliza. Katika jambo hili iko hukumu ya kale inayosaidia sana kufikiri. Mtume Muhammad alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuilaki misafara njiani na kununua mali yake kabla haijafika sokoni. Na aliyeuza kwa njia hiyo akapewa hiari ya kuyavunja mapatano akifika sokoni na kuijua bei. Sababu yake ni wazi: msafiri hajui bei ya mjini, na anayemlaki anaijua. Yaweza kusemwa kwamba mama wa Makambako hakulakiwa njiani, maana yumo sokoni tayari. Lakini soko la nini? Kwa vitunguu, viazi na mahindi, yumo sokoni kweli; bei zake anazijua kuliko mwalimu. Kwa vile visanduku viwili, soko liko mbali, ng'ambo ya bahari, na yeye bado yu njiani asijue hata kama kuna mji mbele. Anayenunua kwake anamlaki njiani, ijapokuwa wamesimama katikati ya makelele ya soko.

Basi jibu haliwezi kuwa "chukua yote" wala haliwezi kuwa "toa yote." Lazima kitafutwe kipimo. Kipimo kinachofaa hapa si hesabu ya sehemu kwa mia, kwa kuwa hakuna hesabu iwezayo kutosha kwa kila kitu na kila mtu. Kipimo ni hiki: bei ya haki ni ile ambayo mnunuzi aweza kumweleza muuzaji kesho, pamoja na yote aliyoyajua leo, bila ya kuhitaji kukwepa macho yake. Na iitwe bei inayosemeka. Mwalimu na ajaribu kwa kipimo hiki. Je, aweza kurudi kesho na kusema, "Mama, vile visanduku nilivichukua kwa elfu arobaini, nami nilijua vina thamani ya milioni tatu"? Hawezi. Je, aweza kusema, "Mama, nilikupa laki nane, kwa sababu matengenezo na usafirishaji vitanigharimu kiasi hiki, na hatari ilikuwa yangu, na kazi ya kutafuta mnunuzi ni yangu, na faida hii iliyosalia ni ujira wa elimu yangu"? Haya yasemeka. Mama aweza kunung'unika, aweza hata kutaka zaidi; lakini atakuwa amenung'unikia mapatano, si hila.

Kipimo hiki chaonyesha pia mahali kunyamaza kunapogeuka kuwa uongo. Ajuaye anaponyamaza tu na kulipa, amechukua. Anaposema, "Ah, mama, hivi ni vya kizamani, nachukua mbao zake tu," amechukua na kuongeza. Na mama akimwuliza, "Mwanangu, hivi vina faida yo yote?" hakuna tena kunyamaza kusiko na maana, hata kuinua mabega ni neno. Lugha ya soko la Kiswahili yenyewe yalithibitisha jambo hilo. Mama hakumwita mteja, alimwita mwanangu. Mwalimu hakumwita muuzaji, alimwita mama. Wengine watasema ni desturi tu ya ulimi. Lakini desturi hiyo haikuwekwa bure. Iliwekwa ili wageni wawili wasipatane kama maadui. Mtu aliyeupokea uana kwa kupunguziwa bei hawezi kuukataa uana huo inapokuja zamu ya kusema kweli.

Yamkini msomaji ataona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa maneno mengi kiasi hiki, maana spika mbili haziangushi nchi. Lakini kusini ya Njombe, wilayani Ludewa, uko mlima wa Liganga. Mawe yake ni ya magnetaiti, chuma kinachonatana na sumaku. Katika nyanda hizi walikuwako wafua chuma waliotengeneza majembe kwa tanuri za udongo kabla ya majembe ya viwandani kuletwa. Walichokijua wao ni chuma. Walichokuja kukijua wataalamu wa miamba ni kwamba pamoja na chuma mna titaniamu na vanadiamu, madini yanayotafutwa na viwanda vya mataifa. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni kutoka China juu ya chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, na tangu hapo mazungumzo juu ya mlima huo yamekuwa marefu. Na afikiriwe mtu, ye yote yule, anayekuja kununua jiwe hilo kwa bei ya chuma tu, huku akijua yaliyomo ndani, akanyamaza kwa kuwa hakuulizwa. Watanzania wote watasema kwa sauti moja kwamba hiyo ni dhuluma. Hakuna atakayesema kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Hasira hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na karatasi zake, na Mangungo wa Msovero akatia alama katika mapatano asiyoweza kuyasoma. Jina lake limekuwa methali katika siasa za nchi. Kila mkataba mbaya huitwa wa Mangungo. Na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu mikataba ya maliasili yenye masharti yasiyo ya haki kupitiwa upya na kujadiliwa tena. Msingi wa sheria hiyo ni ule ule wa hiari aliyopewa msafiri wa ngamia: kwamba aliyeuza bila kujua ana neno la kusema baada ya kujua. Taifa limeushika msingi huo kwa ajili ya madini yake. Swali ni kama raia wake wanaushika wao kwa wao. Mwalimu huyo huyo awezaye kueleza darasani jinsi Mangungo alivyodanganywa, akirudi na visanduku viwili chini ya kwapa kwa elfu arobaini, amekuwa nani katika hadithi ile? Hawezi kujitetea kwamba kiasi ni kidogo, maana kwa mjane milioni tatu si kidogo. Ni ada za watoto, ni bati la nyumba, ni mwaka mzima wa mbolea.

Yafaa mwishoni kukiri gharama ya ukweli, kwa kuwa insha inayosifu haki na kuificha gharama yake nayo inanyamaza kama mnunuzi. Mwalimu akisema kweli, huenda mama akaamini zaidi ya ilivyo. Huenda akakataa laki nane, akataka milioni mbili ambazo mwalimu hana. Huenda akamwita shemeji yake, na shemeji akavichukua visanduku hadi Dar es Salaam, akaviuza kwa bei mbaya kwa mtu wa tatu asiyesema neno. Mwalimu aliyevijua atarudi nyumbani mikono mitupu, na sauti aliyoitamani kwa miaka ataisikia kwa wengine. Iko njia ya katikati, nayo ni ushirika: "Mama, nitavitengeneza, nitaviuza, nami nitakuletea fungu lako", lakini hata njia hiyo yahitaji imani, na si kila mama atamwamini mgeni. Hasara hizo ni za kweli, wala hazifidiwi kwa maneno.

Ila iko hesabu moja ambayo mwalimu pekee aweza kuifanya. Stesheni ya Makambako ataipita tena, mwezi ujao na mwaka ujao, na turubai la mama litakuwa pale pale. Akivichukua kwa elfu arobaini, itampasa siku zote kupita upande wa pili wa barabara, au kupita karibu na kuitikia salamu kwa uso ule ule uliotulia. Akisema kweli, hata asipopata kitu, ataitwa mwanangu, naye ataitika.